Nilivyopenga Pua Siku ya Kumsalia Baba

Aibu hii nimeikalia kimya miezi minane, na nikiisema leo si kwa kuwa imepoa, ila waliokuwapo Micheweni siku ile washaisimulia kila mtu kwa namna yake, basi bora muipate kwangu.

Nilikuwa na pengo la magego mawili, juu kushoto. Daktari wa meno wa Unguja akanionyesha picha: mfupa wa taya umekonda, na juu yake kuna uwazi wa hewa unaopakana na pua, kwa hiyo jino la kupandikiza, lile la skrubu, halina pa kushika. Akanipa njia tatu: meno ya kuvaa na kuvua, skrubu fupi, ambayo kwangu aliitilia shaka, au auinue utando wa ule uwazi, atie chembe za mfupa chini yake, tungoje miezi zishike. Nikachagua ya tatu (mtu wa miaka hamsini na moja, nataka kutafuna pweza). Nikauliza ni mfupa wa mnyama gani, akasema ng'ombe. Kisha akanionya mara mbili: "Wiki hizi usipenge pua wala usivute kitu puani. Ukipiga chafya, fungua mdomo."

Uamuzi wangu mdogo ukawa huu: nisimwambie mtu ila mke wangu. Nilijua nitaulizwa ng'ombe huyo kachinjwa na nani, na meno mapya namtilia nani.

Siku ya tisa baada ya upasuaji, baba akafariki kwetu Micheweni. Alikuwa ameusia mbele ya ndugu zake kwamba nimsalie mimi, mwanawe mkubwa, asisalishe mwengine.

Msikitini, kwenye mifereji ya udhu, nikasukutua taratibu, nikairuka pua, nikaosha uso. (Pua ni sunna, udhu unasihi bila yake, nalijua hilo tangu chuo cha Kurani.) Ami Khamis, mdogo wake baba, alikuwa mfereji wa pili, ananitazama.

"We Juma, pua je? Au ndo usomi wa huko Chake ulikohamia?"

Watu wakageuka.

"Nishaosha, Ami."

"Umeosha saa ngapi, nami nakutizama? Ndo utamsalia ndugu yangu na udhu wa kuparaza?"

Ningesema tu "nina jeraha, Ami", yangekwisha pale pale. Badala yake nikaanza udhu upya, nikajaza kiganja, nikavuta maji puani kama kijana, nikapenga kwa nguvu ili wote wasikie, na ndani ya shavu kitu kikaachia kama mshono wa gunia.

Nikapiga takbira ya kwanza. Katikati ya Fatiha mdomo ukawa na chumvi. Takbira ya pili damu ikateremka kifuani, nami nikajivuta nyuma isilifikie jeneza. Kwetu damu ya pua haivunji udhu, lakini kanzu ilikuwa imeenea najisi na sala haikuwezekana tena. Shehe wa msikiti, aliyekuwa safu ya mbele, akasogea mahali pangu, akaendeleza. Nikatoka katikati ya safu, leso puani, watu wakinipisha.

Sala ilipokwisha Ami akanifuata nje, akaikunjua leso. Damu, na chembe nyeupe.

"Nini hizi?"

"Mfupa, Ami."

"Wa nani?"

"Wa ng'ombe."

Mtu mmoja nyuma yake alicheka, akajizuia. Ami hakucheka.

"Laiti ungesema, mwanangu. Ningelifunga domo langu."

Jeneza likaondoka bila mimi, kwa sababu damu ilikuwa haijakatika. (Chembe zilizobaki daktari alizitoa baadaye, zilishaoza; sasa navaa meno ya kuvua, na pweza nasagiwa.) Alasiri nikaazima kanzu, nikaenda kumsalia kaburini, kisha nikaingia kwa mama, ambaye alishaanza eda.

"Umemsalia babako?"

"Nimemsalia, Mama. Kaburini."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akageukia ukutani.

Tangu hapo nikiwa na kidonda, hata cha kidole, nakitaja kwa sauti kabla sijagusa maji, na wenzangu hunicheka. Wacheke. Safu za kumsalia baba zilijipanga mara moja tu.