Mama Alikuja kwa Ajili ya Picha

Sisi tuliozaliwa bendera ikiwa bado mpya tulilelewa kwa uji na fimbo. Nakumbuka kwetu Kianjai, vumbi jekundu hadi magotini, harufu ya mahindi ya kuchoma sokoni, na mpira tulioufunga wenyewe kwa matambara na kamba za mgomba ili tucheze kati, kumlenga mwenzako aliyesimama katikati naye akwepe. Siku hizi simu ikiisha chaji mtoto analia kana kwamba amefiwa.

Mimi natumia mkono wa kushoto, na kwetu hilo lilikuwa kosa. Nikimpa mama kikombe kwa mkono huo hakukipokea mpaka nibadilishe. "Peana na mkono mzuri," alisema. Wakati wa kula githeri aliufunga ule mbaya kiunoni kwa kitambaa. Uwanjani hakukuwa na wa kuufunga, na wenzangu walijifunza kuukwepa.

Nilipoingia sekondari Embu, mwalimu wa michezo aliona ninavyorusha mpira kutoka chini, akaniweka kwenye softiboli. Kazi yangu ilikuwa kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo ili aukose. Waingereza wana jina la mrushaji huyo, "pitcher", nasi tulilitamka "picha". Nilifanya mazoezi kila jioni, bega likiuma, na sikumwambia mtu.

Tulipofika fainali nilimtuma jirani amwambie mama aje, kwamba mimi ndiye picha wa shule. Nilitaka aone kwamba mkono ule nao una kazi. Mama akaelewa kwamba kuna kupigwa picha. Akaja amevaa koti la kuazima na kitambaa cheupe kichwani, akaketi kwenye nyasi, magoti pamoja, akingoja.

Nilipomwona niliuhamishia mpira mkono wa kulia. Angeweza kunirudisha nyumbani siku hiyo hiyo, na hakuna ambaye angembishia. Lakini mkono wa kulia haukujua kurusha. Nikarusha na wa kushoto, mbele ya watu wote, mpaka mpinzani wa mwisho akakosa.

Mama alinijia polepole. "Sasa picha iko wapi?" Nikamweleza. Akalitazama koti alilovaa. "Kwa hivyo nimeazima koti ya watu bure?" Mwalimu alicheka hadi akashika mbavu, kisha akatuma mtu mjini akamlete mpiga picha.

Mkono huo ulinipatia kazi katika ofisi moja hapa Embu, kwa sababu timu yao ilinihitaji. Niliwashindia vikombe miaka mingi, mpaka bega likakataa kabisa. Nikabaki na mafaili. Leo siwezi kuanika shuka bila kuita mtu, na nimechoka kueleza kwa nini.

Hapa nyumbani, katika mtaa wetu wa Dallas, papa hapa Embu, mjukuu wangu anakula na kuandika kwa mkono wa kushoto, hakuna anayemgombeza. Anajipiga picha mia kwa siku na kuzifuta jioni. Mimi na mama tunayo moja tu. Tumesimama wima bila kutabasamu, yeye na koti la watu, na ameushika mkono wangu wa kushoto kwa nguvu, ameubana kwenye koti. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo hadi tulipomzika. Naitazama picha hiyo mara nyingi, na mpaka leo sijui kama alikuwa anauficha mkono ule au anaushikilia.