Mia Moja na Tano

Miaka ile nilikuwa nafundisha akina mama kusoma na kuhesabu katika kanisa letu la mabati, pembeni mwa mji wa Eldoret, kila Jumamosi mchana sufuria zikishaoshwa. Nilikuwa nimekuja kutoka magharibi kumfuata mume wangu, karani wa stesheni ya reli, na darasa la sita nililomaliza misheni lilinifanya msomi kuliko wanawake wote mtaani kwetu. Sikuwa na haya kulisema. Nilijua ninachojua, na nilijua kukifundisha.

Wanafunzi wangu walikuwa wake wa vibarua wa mjini na wa mashamba ya walowezi. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa nyanda hizo hizo za Uasin Gishu, aliyeishi na mumewe kwenye shamba la ngano upande wa Yamumbi. Maneno yake yalikuwa machache, lakini akifungua kinywa kuimba, kanisa zima lilimfuata. Alikuja darasani kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, na hakupenda kuambiwa jambo bila kuambiwa sababu yake.

Karibu na mimbari palikuwa na ubao ambao nambari za nyimbo za siku ziliandikwa. Kazi hiyo siku zote ilikuwa ya wanaume wa kwaya. Nilimwendea mchungaji nikamwambia akina mama wangu wanajua tarakimu zote, sufuri hadi tisa, nao pia wapewe chaki. Akakubali, nami nikamteua mama yule.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele amejifunga kitambaa cheupe, mchungaji akamtajia nyimbo kwa sauti ya chini. Thelathini na mbili akaiandika vizuri, 32. Wa pili ulikuwa mia moja na tano. Akaandika bila kusita: 1005.

Vitabu vikafunguliwa. Kurasa zikapinduliwa hadi jalada la nyuma, maana kitabu chetu hakikufika hata nyimbo mia tatu. Kiongozi wa kwaya akasimama akauliza, "Mchungaji, huu wimbo umetungwa jana usiku?" Watu wakaangua kicheko. Mama akautazama ubao, akautazama umati, akaweka chaki chini polepole, akatoka kwa mlango wa pembeni. Wimbo uliimbwa bila yeye, na uliimbwa vibaya.

Baada ya ibada nilimkuta amesimama kwenye ua, amewapa watu mgongo.

"Mama, wamecheka wote, lakini hakuna hata mmoja aliyekuonyesha kosa," nikamwambia.

"Nionyeshe wewe, Mwalimu." Akanyoosha kidole akachora hewani. "Wewe ulinifundisha mia moja ni hivi. Moja, sufuri, sufuri. Tano ni hivi. Mchungaji amesema mia moja na tano. Nimeandika mia moja, halafu nikaweka tano. Nimekosa wapi?"

Nilimpenda kwa swali lile. "Masikio yako hayakukosa. Umeandika vile umesikia. Lakini nambari haiandikwi vile inasemwa."

Mchungaji alitukuta hapo. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomfanya aseme, "Mwalimu, Jumapili ijayo turudishie kwaya hiyo kazi. Tusimwaibishe mama wa watu mara ya pili."

"Hapana, Mchungaji. Ataandika yeye."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Mama aliniangalia. Kisha akashika njia ya Yamumbi.

Siku mbili baadaye nilimfuata shambani. Ngano ilikuwa imeshavunwa, na mabua yalilala kila mahali. Tuliketi nje ya nyumba yake, nikachora vyumba vitatu kwenye vumbi. Cha kulia nikakiita chumba cha mamoja, cha katikati makumi, cha kushoto mamia. Kisha nikamwambia ayahesabu mabua, moja moja, akiyaingiza chumba cha kulia kama wageni wa kulala.

"Sheria ni moja," nikamwambia. "Hakuna chumba kinacholaza zaidi ya tisa. Wakifika kumi, wafunge pamoja, wahamie chumba cha kushoto wakiwa kitu kimoja."

Mwanamke aliyefunga ngano ya wazungu maisha yake yote hakuhitaji kuonyeshwa kufunga. Vifungu vya kumi vilijaa katikati, na vilipofika kumi akavikusanya bila kuambiwa, akavikaza kwa bua refu, akautupa mganda mzima katika chumba cha mamia. Nikampa mabua matano zaidi. Akayaweka kulia.

"Hiyo ndiyo mia moja na tano. Chumba cha katikati kina nini?"

"Hakina kitu."

"Sasa andika, chumba kwa chumba."

Akaandika 1 chini ya mganda. Mkono ukasimama juu ya chumba kitupu. Sikumsaidia, maana mwalimu anayejibu haraka humwibia mwanafunzi.

"Nikikiruka hiki," akasema taratibu, "moja na tano zitakaa karibu. Mtu atasoma kumi na tano."

"Ndiyo."

"Basi sufuri akae hapa, ashike nafasi." Akaiandika, kisha 5. Akarudi nyuma akaiangalia 105 yake kama mtu anayeangalia ndama aliyezaliwa zizini mwake. "Na zile sufuri mbili za mia?"

"Zilikuwa zinashika vyumba vitupu tu. Mwenye chumba akija, sufuri inampisha."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Kumbe ile 'na' ni ya mdomo. Mkono hauiandiki!"

Baada ya hapo yeye ndiye aliyenikazania, si mimi kumkazania yeye. Alitaka mia mbili na hamsini, halafu mia mbili na tano, halafu ishirini na tano, zote zipangwe kando kando, tarakimu zile zile mbili zikibadilisha uzito kwa kubadilisha chumba tu. Jua lilipoanza kushuka akaniambia niende nyumbani, mume wangu asije akalala njaa kwa sababu yake.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa mapema kuliko kawaida, na sidhani ni kwa ajili ya mahubiri. Mama aliandika nyimbo zote za mchungaji bila kosa. Ndipo kiongozi wa kwaya akaita kutoka kwenye benchi lake, "Mama, tubadilishe ule wa mwisho. Tuandikie mia mbili na nane."

Vichwa vyote vikageukia ubao. Nilimwona mchungaji akinitazama, nami nikamtazama mama bila wasiwasi. Alifuta wimbo wa mwisho kwa kiganja, akaandika 208 kwa mipigo mitatu, akageuka. Kurasa zikapinduka zikasimama mahali pamoja. Kabla kiongozi hajavuta pumzi, yeye akauanza wimbo, juu kabisa, na kwaya ikalazimika kumkimbilia. Mwisho wa ibada kiongozi yule alikuja akampa mkono. "Sauti yako tuliijua," alimwambia. "Mkono hatukuujua."

Chaki haikurudi kwa wanaume tena.

Mavuno mengine yalipopita, Jumamosi moja mama aliingia darasani akifuatwa na wanawake wa shambani kwao ambao sikuwahi kuwaona, wengine na watoto mgongoni.

"Hawa ni wangu," akasema. "Tumehesabu hadi tisini na tisa."

"Vizuri sana, Mama. Wakae, leo nitawavusha mia."

"Hapana, Mwalimu. Keti."

Nikaketi kwenye benchi, kati ya mama mmoja mjamzito na mwingine aliyekuwa akinyonyesha. Yeye akawachagua watatu, akawapanga mbele mstari mmoja, wa kushoto kwetu na mganda, wa kulia na mabua matano, akatuambia tuwasome kutoka kushoto. Yule wa katikati alikuwa mikono mitupu, akauliza kama basi arudi kukaa.

"Ukikaa, sisi wote tutapotea," mama akamjibu. "Simama hapo hapo."