Gitaa la Mlango wa Mochwari

Gitaa langu lilimng'ata shemeji yangu mchana kweupe, mbele ya watu kumi na mmoja.

Ndiyo, umesoma vizuri. Lilimng'ata.

Alikuwa amekaa mkekani sebuleni kwangu, kalipakata kama mtoto mchanga, anapapasa nyuzi tu maana hajui kupiga. Akanyoosha mguu, kisigino kikatoka mkekani kikagusa sakafu. Spika yake ikatoa mngurumo, mmmmm, na shemeji akaruka kama aliyekalia moto.

"Limeniuma! Jamani, hiki kitu kimeniuma!"

Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Shemeji anajulikana kwa vituko.

"Lete hapa," akasema kinyozi wa mtaani kwetu, kasimama katikati ya sebule na vidole vyake vya kujidai. "Wewe mikono yako laini, umezoea kushika rimoti."

Akalishika. Mmmmm. Kinyozi akalitupa mkekani akarudi nyuma mpaka ukutani, kajishika kiwiko.

Hapo hakuna aliyecheka.

Nikaliokota mimi. Nikapiga wimbo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kimya. Halikunifanya kitu.

Watu wote wananitazama.

"Limekuchagua," akasema shangazi yangu, taratibu, kama anayesoma hukumu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni seremala. Vitanda, makabati, meza. Na mimi ni mtu wa watu. Nyumba ikiwa kimya naumwa. Mke wangu husema siku nikifa nitafufuka nikisikia kuna umbea nje.

Mdogo wangu wa mwisho, msichana tunayemwita Kitinda, anapiga gitaa tangu akiwa na miaka tisa. Lilikuwa la kuazima kila siku. Basi akaitwa na bendi moja kubwa kwenda kujaribiwa. Sharti moja: aje na gitaa lake la umeme.

"Kaka, ndoto imeishia hapo," akaniambia.

"Imeishia wapi na mimi niko hai? Nitakutengenezea."

Nikaanza kuokoteza. Shingo nikaichonga kutoka mguu wa kitanda cha msaji. Juu yake nikabandika ubao mwembamba wa mpingo uliobaki kwenye meza ya mteja. Sumaku za kunasa sauti na vigingi vya kukazia nyuzi nilivitoa kwenye gitaa lililovunjikia jukwaani. Chuma cha kushikilia nyuzi nilikikata kwenye bamba la cherehani mbovu.

Mwili wa gitaa ulitoka kwenye mlango. Mbao nzito, nyekundu iliyokolea, ukiigonga inaitika. Niliipata kwenye hospitali ya zamani iliyokuwa inabomolewa.

"Mlango wa chumba gani?" watu wakaniuliza.

Nikawatazama mmoja mmoja.

"Mochwari."

Ungeona walivyonyamaza! Kesho yake wakaja mara mbili ya wale.

Sasa, gitaa la umeme bila kipaza sauti ni ubao tu. Nikapata redio ya kizamani kwa muuza vyuma chakavu, ile ya sanduku la mbao, yenye taa za glasi zinazowaka ndani. Nikaivua sanduku, nikachukua matumbo yake, nikayafunga kwenye boksi la spika. Waya wa gitaa nikauunga humo. Umeme sikusomea, ila macho ninayo. Nimekaa kwa fundi redio miaka mingi nikimwangalia.

Fundi redio ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa rafiki. Mke wake alipoondoka, mimi mdomo wangu ukaniwasha, nikasema kwa kinyozi: "Anatengeneza redio za mtaa mzima, ya nyumbani kwake imemzimikia." Mpaka jioni mtaa wote unaimba. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu.

Ila mara moja alisimama getini. Nilikuwa uani naivua ile redio, kinyozi yuko pembeni. Fundi akaitazama. Akatazama nyaya mkononi mwangu. Akafungua mdomo.

"Vipi fundi," kinyozi akamwahi, "ya nyumbani imeshawaka?"

Tukacheka.

Fundi akafunga mdomo, akaenda zake.

Huo mdomo uliofunguka na kufungwa, nauona mpaka leo.

Tuendelee. Baada ya shemeji kung'atwa, habari zikasambaa. Watu wakaja kujaribu. Mwingine linamuuma, mwingine linamwacha. Mwanamke mmoja alianguka akasema amesikia mtu anaguna ndani ya mbao. Kila mtu akawa na maelezo yake: linachukia waongo, linawajua wenye dhambi, mlango umezoea kupitisha watu wakiwa wamelala.

Mimi? Usinicheke. Nikaanza kuamini. Nikawa nikilipita pale ukutani natembea upande.

"Lirudishe ulikolitoa," mke wangu akasema. "Na hivyo viatu vya tairi vivue, unanichafulia sakafu! Wageni wote wanavua mlangoni, wewe mwenye nyumba unatembea kama uko karakana."

"Mguu wangu uliingiwa na msumari, mke wangu. Siukanyagishi chini."

Kitinda yeye alikuwa akilichukua wiki nzima kufanyia mazoezi kwake, bila spika.

"Kaka, mimi haliniumi."

"Linajua ni lako," shangazi akamjibu. "Damu ya fundi wake."

Na hilo nikaliamini pia. Lilinipendeza.

Ikafika siku moja kabla ya majaribio. Jumamosi, saa nane mchana. Kitinda alitaka kulisikia na sauti kabla ya kwenda nalo. Nikamwalika kila mtu. Nyumba ikafurika mpaka uani.

Mke wangu alikuwa ametoka kupiga deki. Mkeka ameuanika ukutani nje. Sakafu inang'aa maji.

Kitinda akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo shangazi. Wifi, nisamehe, nakukanyagia deki yako."

"Pita wifi yangu, leo ni siku yako."

Nikachomeka plagi. Nikawasha. Taa za glasi zikawaka rangi ya chungwa. Kitinda akasimama katikati ya sebule, akavaa mkanda begani, akatutabasamia. Akaweka vidole vya kushoto kwenye nyuzi.

Mmmmmmmm.

Tabasamu lilibaki usoni, ila yeye hakuwepo. Macho yametoka. Taya limekaza. Vidole vimelishika shingo na haviachii. Mwili mzima unatetemeka, na spika inanguruma kama mnyama aliyeshiba.

"Msimguse!" shangazi akapiga ukunga. "Limemkamata! Ni wafu wa mlangoni!"

Watu wakakimbia. Walikanyagana, shemeji alipitia dirishani. Mke wangu alipiga magoti.

Na mimi, kaka yake, niliyekichomeka kile kitu kwa mkono wangu, nilisimama nikaanza kuomba. Nikawaomba radhi marehemu. Kwa sauti. Plagi iko hatua mbili kutoka kwangu, na mimi naongea na wafu.

Mtu akaruka ukuta. Akaingia mbio, akanisukuma bega. Hakumtazama Kitinda, hakulitazama gitaa. Alitazama ukutani tu.

Akachomoa plagi.

Mngurumo ukakata. Kitinda akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Ni fundi redio.

Alimkandamiza kifua mpaka akakohoa. Ndipo akageuka kwangu, anatweta.

"Wafu gani? Redio hizi hazina transfoma. Umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye chuma chake. Unadhani kwa nini waliifungia ndani ya mbao, vitufe vyote plastiki? Ili mtu asiguse chuma. Wewe umekitoa, ukakiunga na nyuzi, ukamkabidhi mtoto wa watu kwenye maji!"

"Mbona mimi halikuniuma hata siku moja?"

Alitazama miguu yangu.

Viatu vya tairi.

Nikaviangalia na mimi.

"Siku ile getini," nikamuuliza, "ulitaka kusema nini?"

"Hilo hilo," akasema. Akatoka kwa mlango.

Kitinda alipona. Yaani yu hai. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vina mistari ya nyuzi, imeungua kama imechorwa kwa kisu. Cha kati hakikunjiki. Bendi ilichukua mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Nilikuta anajifunza kupiga kwa mkono mwingine, polepole, kama mtoto anayeanza kuandika. Kisha akaniuliza bila kuinua macho.

"Kaka. Ule mlango, kweli ulikuwa wa mochwari?"

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Leo nawaambia ninyi kama nilivyomwambia yeye.

"Hapana. Ulikuwa wa chumba cha kufulia mashuka. Bado ulikuwa unanuka sabuni."

Alivitazama vidole vyake.

"Ungesema hivyo siku ya kwanza," akasema, "kati ya watu wote wale, mmoja angekumbuka plagi."

Basi ndugu yangu unayesoma hapa, mimi leo sebule yangu ina viti vitupu na sigombani na ukimya wake. Ninalokuachia ni hili. Kitu kikiuma watu nyumbani kwako, chomoa kwanza, maelezo baadaye. Na kama kuna uongo ulioupenda kwa sababu unakujazia nyumba, useme leo kuwa ni uongo, kabla mtu unayempenda hajavua viatu na kuingia.