Kopo Jekundu na Bia ya Mchele

Bia ninayoipenda mimi ni nyepesi, ya rangi ya mabua ya mpunga, yenye uchungu kidogo mwishoni, na lazima iwe baridi. Wanaosema bia nyepesi si bia hawajakaa Ifakara mwezi wa kumi na moja, mvua zinapojivuta na kuku wamelala kivulini midomo wazi. Kwa joto lile bia nzito ni adhabu. Mimi naipika mwenyewe jikoni kwangu Morogoro, chupa chache kwa mara moja, na kuna jambo ninalolifanya kabla ya kummiminia mgeni. Nilijifunza nikiwa mtu mzima, tena kwa aibu.

Mama yangu, ambaye sasa hayupo duniani, alikuwa mpika pombe mtaani kwetu Lipangalala, hapohapo Ifakara. Alipika komoni, pombe nzito ya pumba za mahindi na kimea cha ulezi, na hiyo ndiyo iliyoninunulia sare na viatu vya shule. Pombe ikiiva alichomeka mti kando ya njia, akatundika juu yake kopo jekundu la plastiki lililokatika mkono. Watu waliotoka mashamba ya Lumemo wakiliona walikata kona bila kuuliza. Pombe ikimkataa, kopo halikutoka ndani. Siku moja alimwaga pipa zima kwa sababu ilikuwa imechacha, na watu walikuja kumbembeleza awauzie hivyohivyo. "Kopo langu halisemi uongo," aliwaambia, wakaondoka na kiu yao.

Niliichukia ile kazi. Harufu yake ilikaa kwenye sare yangu hata nikiifua mara mbili, na shuleni waliniita mtoto wa pumba. Kilichonikera kuliko vyote ni kwamba kila mteja alipoletewa kata yake ya pombe, mama alikunywa kwanza. Funda moja kubwa, anafuta mdomo, ndipo anaitoa. Nilimchungulia kupitia pazia, nikanuna. Nilipokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, mtawa alituuliza kazi za wazazi wetu. Nikasimama nikajibu kwamba mama yangu ni mlevi.

Maneno yale yalifika nyumbani kabla yangu. Nilijua kwa jinsi mama alivyonitazama nikiingia. Hakunipiga. Alinipakulia wali, akaniuliza kama chumvi imekolea. Ningependelea fimbo.

Baadaye nikasomea mambo ya vyakula, nikapata kazi, na maisha hayaachi utani wake: mwenzangu wa kazini akanifundisha kupika bia ya nyumbani. Unahitaji shayiri iliyooteshwa, mchele kidogo wa kuipunguza uzito, maua machungu ya kununua yaitwayo hopsi, na hamira, kisha wiki kadhaa kwenye friji. Siku aliponiwekea ile shayiri kiganjani, imeota na kukaushwa, nilijua jina lake kabla hajanitajia. Kilikuwa ni kimea. Niliingia chooni nikalia, na yule mwenzangu akadhani naumwa.

Wakati huo mama alikuwa ameacha kupika kwa sababu ya mgongo. Nikatamani kitu kimoja tu: anywe bia yangu, aseme kwamba na mimi ni mpishi. Sikuwa na njia nyingine ya kumwomba radhi, maana yale maneno hatukuwahi kuyagusa tena, na mdomo wangu ulikuwa mzito.

Nikapika kwa mchele wa shamba letu, nikashuka Ifakara na chupa kumi na mbili kwenye deli la barafu. Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa kwenye mkeka upande wa nyumba wenye kivuli, kitenge amekilegeza, anajipepea na ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini huko, samaki?"

"Pombe. Nimepika mwenyewe."

Aliacha kujipepea, akakaa vizuri. Nikafungua chupa, nikamimina kwenye glasi ya wageni, povu likapanda. Nikapiga goti nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea, akaitazama, akaiweka chini.

Nikangoja. Povu likashuka, glasi ikatoa jasho, jasho likalowesha mkeka. Mama alitazama njia kama mtu anayesubiri mgeni. Mimi hasira zangu ziko karibu.

"Mama, kama huitaki, sema. Nimetoka Morogoro nashikilia barafu mapajani kama mtoto mchanga."

"Nakusubiri wewe."

"Unanisubiri nini?"

"Kwani nani kaipika? Mpishi hampi mtu pombe ambayo hajaonja mbele yake. Huyo mtu atajuaje kama haina sumu? Kila kata iliyotoka hapa niliitoa sumu kwanza. Hukuwa unaona?"

Nilikuwa naona. Nilikuwa nimeliona kila funda, na kwa yale mafunda nikamwita mlevi mbele ya watoto wenzangu.

"Niliona, mama," nikasema. "Ndiyo maana nikamwambia mtawa vile. Nisamehe."

"Nilisikia siku ileile. Haya, kunywa, inapata moto."

Nikanywa funda moja, nikafuta mdomo, nikampa. Akanywa polepole, akafumba macho, akanywa tena.

"Nyepesi," akasema.

"Ya wagonjwa?"

"Ya jua."

Akaimaliza. Nilisubiri aongeze lile neno nililolifuata, lakini aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Nikamsikia akikokota vitu uvunguni, kisha kimya. Nikadhani amejilaza. Nikabaki pale mkekani na glasi tupu, nikijiambia kwamba msamaha nimeupata na mengine ni tamaa. Hata hivyo niliumia.

Muda mfupi baadaye nikasikia hodi upande wa mbele. Alikuwa mzee jirani yetu, mteja wa mama wa siku zote, jembe begani, na nyuma yake wanaume wengine wawili wenye matope ya shamba miguuni. Nikawaamkia, nikamuuliza mzee kama kuna taabu.

"Taabu ya nini, mwanangu? Tumeona kopo."

Nikatazama njiani. Mti ulikuwa umechomekwa, na juu yake kopo jekundu lililokatika mkono, bado lina vumbi la uvunguni.

Mama alikuwa ameegemea mlango. Akaninyooshea kidevu.

"Leo mpishi ni yule," akawaambia.

Nikafungua chupa, nikanywa kwanza.