Mutoto wangu alikuwa na uvimbe kichwani, wakasema ni mazuku

Wakuu, salamu kutoka Goma. Sikusoma sana na sijui kama naandika vizuri. Lakini haya niliyaona mwenyewe, na pale sina hakika nitasema.

Mazuku ni hewa mbaya inatoka chini ya mawe ya volkano, inalala chini kama maji. Asubuhi unakuta mbuzi amekufa. Tangu mulima ulipuke, hapa mutaani Katoyi kila kichwa kinachouma ni mazuku.

Binti yangu Zawadi alianza kutapika kila asubuhi, anashika kichwa. Nesi wa kituo cha afya hakumugusa hata.

"Mazuku hiyo, papa. Pandisha kitanda."

Niseme haki: vita ilikuwa imefika, majeruhi walijaa hadi mulangoni. Lakini kumugusa tu!

Nikaweka kitanda juu ya mawe. Zawadi akawa anaanguka akishuka. Jirani yetu muzee Ramazani, dereva, akamutania: "Wee mama mukubwa, umekunywa pombe ya ndizi?" Hata yeye Zawadi alicheka. Kisha akaanza kutembea akishika ukuta.

Na wadogo zake walilala kwa mukeka, chini kabisa, kule mazuku inapita. Wazima! Wanacheza! Hakuna mutu aliuliza kwa nini.

Mwishowe muganga wa hospitali akamumulika macho kwa taa ndogo.

"Papa, kuna uvimbe unaziba maji ya ubongo. Apasuliwe upesi."

"Wapi?"

"Si hapa. Mupasuaji wa vichwa vya watoto hatuna."

Uwanja wa ndege, watu wenye bunduki wameufunga. Mupaka nao umefungwa, mabomu yanalia. Tukangoja. Zawadi akaniambia, "Papa, washa taa." Jua lilikuwa linawaka.

Mupaka ulipofunguliwa tukavuka hadi hospitali ya ng'ambo, wakamupasua, uvimbe ukatoka. Anaishi, asante Mungu. Macho hayakurudi.

Sijui ni siku zipi ziliua macho yake, za nesi ama za bunduki. Nilimuuliza mupasuaji, naye hajui. Basi nawakasirikia wote.

Wazazi, mutoto akitapika asubuhi, kichwa kinauma, anayumba: dai amulikwe macho. Usirudishwe nyumbani na neno moja.

Kitanda nimeshusha. Yale mawe yako mulangoni, Zawadi anayakalia. Muzee Ramazani hamutanii tena. Akipita anasema tu, "Ni mimi, Ramazani."

Kama kuna mwenye mutoto aliyepasuliwa hivi na macho yakarudi, aandike hapa. Hata mumoja.