Mama Ametulia

Mama yangu Tabea hajui kutulia. Sisemi kwa ubaya, Kikatiti nzima inajua. Alipokuwa mtoto, mwalimu wa shule ya Jumapili alimwambia "tulia" mpaka akachoka mwenyewe. Alipokuwa msichana akikataa wachumba, shangazi zake walimuuliza atatulia lini. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na mpaka leo kukipambazuka ameshakamua ng'ombe, ameshafagia uwanja, na ameshanigombeza mimi Magreth, mtu mzima mwenye watoto, kwamba nalala kama mgeni.

Mwaka huu daktari alimkuta na uvimbe tumboni. Siku ya upasuaji mdogo wangu Jackline na mumewe Lesian walimpeleka hospitali mjini, mimi nikaachiwa ng'ombe. Nilikamua bila kuangalia ndoo, maziwa mengine yakaishia chini. Niliogopa sana. Nyumbani kwetu aliyepasuliwa mara ya mwisho alikuwa baba, na hakurudi.

Alasiri simu ikaita. Alikuwa Lesian, kijana wa Ngaramtoni, mtu mwema ila maneno huyatoa kwa kubana kama anayanunua. Alikuwa akinong'ona.

"Shemeji, mama ametulia."

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani; ya Jackline ikaita tu, haikupokelewa.

Ametulia? Wangeniambia amemrushia nesi kikombe, ningeamini. Lakini huyu wa kwangu angetulia vipi akiwa hai? Nikapiga yowe, majirani wakajaa uwanjani. Eliud wa ng'ambo ya mfereji hakuuliza mara mbili.

"Mama Magreth amepumzika," akamwambia kila aliyeingia, machozi yakimtoka. Kisha akachukua panga akaenda migombani kutafuta ndizi za kupikia waombolezaji. Akaangusha mkungu mkubwa kuliko yote, ule ambao mama aliuwekea miti ya kuuegemeza, akiutunzia mnada wa mavuno kanisani.

Wanawake walikuwa wanatoa makochi sebuleni simu ilipoita tena, namba ya Jackline.

"Magreth! Umekamua?"

Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa yake. Nilikaa chini palepale, juu ya majani ya migomba, nikalia kuliko mwanzo.

"Mama, uko hai?"

"Kwani nilikufa lini? Nimeamka nikataka kushuka nirudi kukamua, wakanishika na kunichoma sindano. Ati 'bibi, tulia dawa ikuingie', kama mtoto! Na hizo kelele ni za nani hapo kwangu?"

Nyuma yake nikamsikia Lesian akijitetea kwamba chaji ilimwishia.

Asante Mungu. Nilisema asante Mungu mpaka sauti ikakauka. Ndizi zilikuwa zimeshamenywa, basi tukazipika, na waliokuja kulia wakala wakicheka. Makochi yakarudishwa ndani.

Mama aliporuhusiwa, hakuingia hata ndani. Alikwenda migombani huku ameshika tumbo, akakiona kisiki. Tukamsikia akimwita Eliud kwa jina lake la ubatizo na mengine ambayo mchungaji hakumpa. Eliud akaja mbio, kofia mkononi, akasimama kugombezwa. Alipoona maneno hayaishi, akaanza kwa upole, "Mama Magreth, hebu tuli..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache aseme."