Mikomamanga ya Mwanamkuu

Watu wa Gongoni wa miaka ile ya Mwingereza waliukumbuka mlio mmoja: shoka likikata mzizi ndani ya ardhi, mlio mkavu, mfupi, alfajiri. Aliyekata alikuwa Mwanamkuu, mjane msusi wa mikeka. Serikali ilikitaka kiwanja chake ijenge nyumba ya afisa. Yeye ahamie mtaa wa Cheyo kabla ya kiangazi. Mikomamanga yake miwili, iliyokwisha kuzaa misimu mingi, ibaki. Afisa alikuwa ameipenda.

"Niliipanda na marehemu," alimwambia Mahona, tarishi wa boma. "Nakwenda nayo."

"Shangazi, mti mzima hauhamishwi. Utakufa."

"Na mimi je, ni mche?"

Mvua zilipoanza alikata mizizi ya upande mmoja, akafukia samadi ili mipya iote. Baadaye akakata ya upande wa pili. Mwisho akapunguza matawi, akapukutisha majani yote. Majirani wakasema ameiua mwenyewe kwa ubishi.

Kaka yake Abasi alikuja na wazee wenzake, wapagazi wa zamani wa njia ya Ujiji. Walifunga magunia kuzunguka udongo wa mizizi, wakaibeba miti mzegamzega, kwa mipiko mabegani, wakiimba. Njiani wakapumzika, na mazoea yakawaponza. Enzi zao mpagazi hakulaza mzigo. Aliusimamisha, akauegemeza, ili auinue upesi. Mkomamanga wa kwanza waliutua hivyo hivyo, kwa kishindo. Udongo ukapasuka, mizizi ikabaki uchi.

"Abasi, hii si pembe ya ndovu."

"Mikono ndiyo iliyozoea, dada."

"Basi izoeze kulaza mtoto."

Akavua kanga ya juu, akaikaza penye ufa, wakaendelea.

Huko Cheyo mti ule ulikufa. Wa pili ulisimama mtupu kiangazi kizima. Mwanamkuu aliunywesha asubuhi na jioni, akikwaruza gome kwa ukucha kutafuta ubichi, na waliopita wakimuuliza kama anamwagilia kuni.

Siku chache baada ya majani mekundu kuchipua, Mahona alifika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Afisa ameyaona mashimo. Anasema miti ilikuwa ya kiwanja. Anautaka huu uliobaki."

Mwanamkuu alimimina maji ya kata yote shinani, polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha akasema:

"Mwambie aje auchimbe. Aanze na mimi."